Friji mbili, dola 400 na ukuta wa matofali

(Haya ndo niliyoyaongea kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa magari makuukuu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimefuta tu pale nilipokohoa na pale nilipopotea.)

Habari zenu jamani. Asanteni kwa kunipa maiki, ingawa nawaonya mapema kwamba mimi nikishaanza habari za gari kuukuu kunitoa hapa mbele ni kazi. Nimeambiwa niongelee historia ya umiliki, yaani gari ya kifahari ya zamani imepita mikononi mwa nani na nani. Nikajiuliza nichague gari gani, maana zipo nyingi, nikaona bora nichukue ndugu sita wa tumbo moja, Bugatti Type 41, ile inayoitwa Royale, kwa sababu ni sita tu zilizobaki duniani na kila moja unaweza kuifuata toka kiwandani hadi ilipo leo, na ukizifuata unagundua kitu ambacho kwenye vitabu vya mnada hakikai vizuri.

Kwanza tuiweke gari yenyewe hapa mbele yetu, kwa wale ambao hawajawahi kuiona. Urefu mita 6.4. Uzito zaidi ya tani 3. Injini silinda 8 zimepangwa mstari mmoja, lita 12.7, sasa wewe dereva wa masafa unajua lita 12.7 ni nini, hiyo ni injini ya kichwa cha semi-trela, halafu mtu kaiweka kwenye gari ya kumpeleka tajiri na mkewe dansini. Nguvu yake inatajwa kama farasi 300 hivi, na tunaongelea miaka ya mwanzo ya 30. Juu ya rejeta kuna tembo mdogo amesimama kwa miguu ya nyuma, mkonga juu, na huyo tembo alichongwa na Rembrandt Bugatti, mdogo wake mwenye kiwanda, ambaye alishafariki 1916, miaka mingi kabla gari yenyewe haijaanza kutengenezwa. Kaka mtu akachukua kazi ya marehemu akaiweka kwenye pua ya gari yake kubwa kuliko zote.

Mwenye kiwanda ni Ettore Bugatti, kiwanda kiko Molsheim, Alsace, Ufaransa. Mzee alipanga atengeneze 25, awauzie wafalme, ndo maana ya jina lenyewe. Basi ukaja mdororo wa uchumi wa 1929 na kilichofuata, zikatengenezwa 7 tu, moja ya majaribio mzee mwenyewe akaiharibu kwa ajali baada ya kusinzia kwenye usukani, zikabaki 6, na katika hizo sita zilizopata mnunuzi ni 3. Mfalme hakununua hata mmoja. Alfonso wa Hispania alikuwa anatajwa tajwa, akapoteza kiti mwaka 1931. Kuna na ile hadithi ya Mfalme Zog wa Albania, eti aliitaka, Ettore akamkatalia kwa sababu hakupenda namna jamaa anavyokula mezani, mimi naipenda sana hiyo hadithi ila siwezi kuiapia. Mtu ana gari tatu zimekosa wateja kwenye banda halafu anachagua mteja kwa adabu za mezani!

Injini zilizobaki zilifungwa kwenye treni. Kweli kabisa, behewa zinazojiendesha zenye injini za Royale, mbili au nne kwa behewa, zikapita kilomita 190 kwa saa kwenye reli za Ufaransa, na abiria wa kawaida wenye vikapu vyao wakapanda kile ambacho wafalme walikosa. Nafikiri hizo treni ndo ziliokoa hela za kiwanda, lakini tusiende huko, tutakesha.

Sasa umiliki. Ukishika kitabu cha mnada, ule ukurasa wa wamiliki huwa unaandikwa kama orodha ya ukoo wa kichifu, fulani akamwachia fulani, fulani akamuuzia fulani, majina makubwa, vyeo, majumba. Na gari hizi kweli zimepita kwa watu wa maana. Ila mimi nikisoma huwa natafuta ule mstari mfupi, ule ambao mwandishi ameupita haraka haraka kama mtu anayepita karibu na anayemdai. Kwa sababu gari ya kifahari ina umri wa aina tatu. Ikiwa mpya kila mtu anaitamani. Ikifika miaka 60 kila mtu anaitamani tena. Hapo katikati, jamani, hapo katikati ni chuma kizito kinachokunywa mafuta, mtindo umepita, spea hakuna, inakula nafasi uani, na mke anauliza kila Jumapili hilo dude linaondoka lini. Gari nyingi zinafia hapo katikati. Hizi sita hazikufia hapo, na waliozivusha karibu wote hawakuwa wafalme.

Chukua ile yenye namba ya chasisi 41.121. Aliiagiza daktari wa Kijerumani, Josef Fuchs, daktari wa uzazi. Chasisi peke yake ilikuwa kwenye dola 30,000 kwa hela ya wakati ule, halafu bodi unajitafutia mwenyewe, ndo ulikuwa utaratibu, kiwanda kinakupa chasisi na injini, fundi bodi unamchagua. Daktari akaipeleka kwa Ludwig Weinberger kule Munich, akatengenezewa kabrioleti, yaani ya paa la kukunja, nyeusi na njano. Akakabidhiwa 1932. Mwaka uliofuata Hitler akachukua nchi.

Daktari akaondoka Ujerumani. Na hapa ndo nataka mpige picha kidogo, mtu anahama nchi kwa sababu ya siasa, wenzake wanabeba masanduku, yeye ana tani tatu za Bugatti. Akapitia Uswisi, akafika Shanghai, kisha mwaka 1937 hivi akawa New York, na gari ikafika naye New York. Mimi nikihama nyumba mtaa wa pili nasahau sufuria. Huyu alivuka bahari na gari ambayo kuigeuza tu barabarani unahitaji uwanja.

Halafu ikaja baridi. Gari ikawa inalala nje, New York, majira ya baridi, na maji kwenye injini yakaganda. Mafundi mliopo hapa mnajua kinachofuata. Maji yakiganda yanatanuka, na chuma cha kumimina hakijui kutanuka, kinapasuka. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ikapasuka. Na sio bloku ya kawaida, kwenye Royale bloku na silinda hedi vimemiminwa kitu kimoja, hakuna gasketi katikati, hakuna kufungua hedi ukachungulia, hata kusaga vali tu, kazi ambayo injini za zamani zilikuwa zinaidai mara kwa mara, lazima ushushe lile dude zima ulifumue. Kwa hiyo ufa kwenye bloku ya Royale ukiwa New York, na waliotengeneza wako ng'ambo ya bahari, vita inanukia, hiyo sio hitilafu, hiyo ni hati ya kifo. Gari ikaishia kwa wauza vyuma chakavu. Na hii ni miaka ambayo Marekani ilikuwa inakusanya chuma kwa ajili ya vita, sufuria, ua za chuma, kila kitu, na mwenye skrepa anapata faida kwa uzito. Tani tatu! Hiyo kwake ilikuwa ng'ombe aliyenona.

Akatokea mtu anaitwa Charles Chayne. Injinia, wa kampuni ya Buick, baadaye akawa makamu wa rais wa uhandisi wa General Motors nzima. Kwa hiyo hakuwa maskini, tusidanganyane, lakini hakuwa tajiri wa kununua Royale ikiwa mpya hata siku moja. Akailipia dola 400. Narudia kwa waliokuwa wanaongea huko nyuma, dola 400, kwa gari ambayo miaka kumi na kitu nyuma chasisi yake tupu ilikuwa dola 30,000.

Na Chayne hakuiweka ndani ya kioo aiabudu. Aliitengeneza, akamaliza 1947, na aliitengeneza kama injinia anayetaka gari iende. Ilikuja na kabureta moja, yeye akabadilisha mfumo wa kuingiza hewa na mafuta akafunga kabureta nne. Nyeusi na njano akaifuta, akapiga nyeupe ile ya kama gamba la chaza, na kijani kwenye mapambo. Wataalamu wa leo wakisikia hayo wanashika kifua, siku hizi ukibadilisha hata skrubu wanakuuliza umetoa wapi ruhusa. Mimi namwelewa. Aliyenunua kitu jalalani hana wa kumwomba ruhusa. Akaiendesha, akaifurahia, na 1957 yeye na mkewe wakaitoa zawadi kwa jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn, Michigan. Hawakuiuza. Haijawahi kuingia mnadani toka hapo. Katika zote sita, hiyo tu ndo imetoka kwa mwenyewe bure, na ndo iliyokuwa imeshuka chini kuliko zote.

Tuje kwa zile tatu zilizokosa wanunuzi, zilizobaki kwa wenyewe kina Bugatti. Vita ilipoanza na Wajerumani wakaingia Ufaransa, familia ilijua fika magari mazuri yatabebwa. Wakazijengea ukuta. Nyumba yao ya Ermenonville, gari ndani, matofali mbele, plasta, kimya. Fikiria fundi ujenzi aliyeitwa siku hiyo, anajenga ukuta anaiona boneti inapotea polepole, tofali baada ya tofali, mwisho amebaki tembo tu anachungulia halafu naye anafunikwa. (Hapo nimeongezea chumvi ya tembo, ila ukuta ni wa kweli.)

Vita ikaisha, lakini mtoto wa mzee, Jean, kijana aliyechora bodi nzuri kuliko zote, alishafariki 1939 akijaribu gari, na mzee mwenyewe akafariki 1947. Kiwanda hoi. Hapo umiliki ukawa mikononi mwa binti, L'Ébé Bugatti, na huyu mama mimi namheshimu sana maana alikuwa na gari tatu ambazo hakuna aliyezitaka, na nchi ambayo mkate ndo ulikuwa shida.

1950 akaja Mmarekani, Briggs Cunningham, mkimbiza magari, alikuwa Ufaransa mwaka huo kwa mashindano ya Le Mans. Akanunua mbili kwa mpigo, 41.141 na 41.150. Bei? Hela taslimu ya Kifaransa, kama dola 3,500 na ushee, na juu yake friji mbili mpya za General Electric. Friji. Watu husimulia hii kwa kucheka, na mimi pia nilicheka mara ya kwanza, halafu nikaifikiria vizuri. Ufaransa baada ya vita friji ya aina ile hupati hata kwa hela. Mtu ana maziwa yanachacha jikoni na gari mbili za wafalme nyuma ya ukuta. Kati ya vitu viwili hivyo kipi kinampa shida leo asubuhi? Tusimcheke mama wa watu, aliuza kwa bei ya siku ile, na kwa siku ile hata hizo friji zilikuwa nyingi.

Sasa angalia zilivyokuja kugeuka. Ile 41.141, aliyoitunza Cunningham miaka na miaka, ikapigwa mnada London, ukumbi wa Royal Albert Hall, 1987, pauni milioni 5.5. Mnunuzi tajiri wa majumba toka Sweden. Miaka mitatu tu, 1990, ikaenda kwa kampuni ya Kijapani, Meitec, dola milioni 15.7. Mwenzake 41.150 ikapita kwa William Harrah, tajiri wa kasino kule Nevada, kisha 1986 ikauzwa dola milioni 6.5, na muda si muda ikawa kwa Tom Monaghan, yule wa Domino's Pizza, kwa milioni 8.1. Gari ya wafalme, imelipiwa na friji, halafu na pizza. Hayo majina ya mwisho ndo yanaandikwa kwa herufi kubwa, na mimi nasema hawa wa mamilioni hawakuokoa chochote. Gari ya dola milioni 15 inajilinda yenyewe, hakuna mjinga atakayeiacha ikalale kwenye baridi.

Kuna moja inanisumbua kichwa kidogo, 41.111, kwa sababu inauliza swali ambalo wengi wenu mmewahi kuuliza mkinunua gari mkononi: hii niliyonunua ni ile ile? Mmiliki wa kwanza alikuwa Armand Esders, mwenye viwanda vya nguo, Mfaransa, 1932. Jean Bugatti akamchorea rodista ya viti viwili, mabawa marefu yanatiririka, na haina taa za mbele. Hakuna kabisa. Esders alisema haendeshi usiku, sasa taa za nini. Huo ndo utajiri bwana, unaamua jua likizama wewe na gari yako mmelala. Baadaye ikapata mwenye mwingine, mwanasiasa, na ile bodi ikavuliwa, fundi Henri Binder akavisha nyingine, ya kufunga, ya heshima, dereva mbele na bosi nyuma. Rodista ya Esders ikapotea. Wakati wa vita inasemekana gari ilifichwa kwenye mitaro ya chini ya ardhi ya Paris. Ikaenda Uingereza, ikaenda Florida, ikapita kwa mtu mmoja wa benki wa Atlanta, Harrah akaichukua 1964, na mwaka 1999 Volkswagen, waliokuwa wameshanunua jina la Bugatti, wakailipia kiasi kinachotajwa kuwa dola milioni 20. Jina lilinunua gari yake. Na kule Mulhouse, Ufaransa, kwenye jumba la makumbusho ya magari, wamejenga upya rodista ya Esders, nakala, bila taa. Kwa hiyo ukitaka kuona alichokiona Esders unaenda kwenye nakala, na ukitaka kugusa alichokimiliki unaenda kwa Volkswagen, utakuta bodi ambayo yeye hajawahi kuikalia. Kisheria jibu ni jepesi, gari ni namba ya chasisi. Moyoni kila mtu abaki na lake.

Nimetaja Mulhouse, basi niseme kidogo, maana pale kuna kichekesho kichungu. Ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya sufu, Fritz akawa na ugonjwa wa Bugatti. Akanunua ya tatu ya kina L'Ébé, ile Coupé Napoléon aliyoiendesha mzee mwenyewe. Akanunua na 41.131, iliyoanzia kwa kapteni mmoja wa Kiingereza ikaishia Illinois kwa jamaa anaitwa John Shakespeare, sio mshairi jamani, na huyo akamuuzia Schlumpf Bugatti zake zote kwa mkupuo. Fritz alikuwa anazificha kwenye kiwanda cha zamani cha kusokota nyuzi, mamia ya magari, taa za mapambo, mlango umefungwa. Viwanda vikafilisika. Wafanyakazi wanaachishwa kazi. Mwaka 1977 wakavunja wakaingia, na hapo ndo wakaona. Miaka yote wanaambiwa hakuna hela, hela ilikuwa imepangwa mistari, imeng'arishwa. Wenyewe walishakimbilia Uswisi. Wafanyakazi wakalishikilia jengo kama miaka miwili, wakawa wanawaonyesha watu, na 1982 likafunguliwa kama jumba la taifa. Wangeweza kuzichoma zote kwa hasira na ningewaelewa. Walizilinda. Kwenye orodha ya wamiliki hutawakuta, lakini kuna miaka miwili pale ambayo mimi kwa kalamu yangu nimewaandika wao.

Kuna siku zote sita zilikutana, 1985, Pebble Beach, California, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, juu ya majani ya uwanja wa gofu. Picha zipo, zitafuteni. Tano zinaonekana za kifalme kweli kweli, na moja nyeupe yenye kijani, imekaa kama mgeni aliyekosea nguo ya sherehe. Hiyo ndo ya daktari Fuchs. Hadi leo iko Dearborn, bado nyeupe, na kabureta bado nne. Hakuna aliyethubutu kuirudisha nyeusi na njano. Ukibahatika boneti ikafunguliwa, unachokutana nacho kwanza ni kazi ya mkono wa yule aliyetoa dola 400 kwa muuza skrepa.

Haya, maswali. Na wewe uliyekuwa unacheka habari ya friji, nimekuona, anza wewe.